Dawa ya mswaki ya kutengeneza nyumbani: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yaleyale kila wiki. Nikisaga mkaa si inatosha? Nikikamulia ndimu, meno hayatang'aa haraka zaidi? Mbona yangu haitoi povu? Mtoto wa miaka mitatu naye anaweza kuitumia? Badala ya kumjibu kila mtu kivyake, nimeyapanga majibu kwa kufuata kazi yenyewe, kuanzia dukani mpaka kopo linapofungwa. Ukifuata hatua kama zilivyo utapata gramu 100 hivi za dawa laini, isiyo na sukari wala sabuni, inayowatosha watu wawili kwa wiki tatu.

Usiianze kazi hii kwa kutaka kuokoa hela. Gliserini na mafuta ya mnanaa si bei ya chumvi, na ukipiga hesabu vizuri unaweza kujikuta umetumia zaidi ya anayenunua tyubu dukani. Sababu nzuri ni nyingine: unataka kujua kilichomo, povu la dukani linakuunguza mdomo, au unapenda tu kutengeneza vitu vyako mwenyewe.

Kabla hujatoka kwenda dukani

Dawa hii haina floraidi, na hilo ulijue mapema. Kinachoondoa utando wa bakteria kwenye meno ni mswaki na mkono wako; dawa inausaidia mswaki kusugua na kukiacha kinywa kikinukia vizuri. Floraidi ina kazi ya ziada: inasaidia kurudisha madini kwenye jino ambalo asidi imeanza kulila. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa yenye floraidi kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa kila milioni, na mwaka 2021 liliingiza dawa za mswaki za aina hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Kwa hiyo mtoto asitegemee dawa ya nyumbani peke yake. Vivyo hivyo mtu mwenye meno yaliyotoboka, anayevaa waya za kunyoosha meno, mwenye mdomo unaokauka kwa sababu ya dawa anazomeza, na yule ambaye soda haimtoki mkononi. Mpango ninaoupendekeza kwa wengi ni huu: asubuhi tumia ya kwako, usiku kabla ya kulala tumia ya dukani yenye floraidi. Na tafadhali usitafute floraidi ya unga uichanganye mwenyewe. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno kupimwa kwa kijiko, na kikizidi ni sumu.

Najua wapo wanaoikimbia floraidi kwa sababu wameona meno ya kahawia Arusha, Meru au Nakuru. Madoa yale hutokana hasa na maji yaliyonywewa utotoni, wakati meno yalikuwa bado yanaundwa ndani ya fizi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja ya maji, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinakivuka kwa mbali. Mtu mzima anayesugua na kutema hapati madoa hayo kutoka kwenye dawa ya mswaki.

Mahitaji

Vijiko vyote hapa ni vya kupimia, vilivyosawazishwa kwa kisu: cha chakula mililita 15, cha chai mililita 5. Kijiko cha kukorogea chai cha nyumbani kwako hakiaminiki, kila kimoja kina saizi yake.

- Kalsiamu kaboneti laini ya daraja la chakula au dawa: vijiko 4 vya chakula
- Beking soda: kijiko 1 cha chakula
- Gliserini ya famasia: vijiko 2 vya chakula
- Maji yaliyochemshwa yakapoa: kijiko 1 cha chakula, na kingine cha akiba
- Unga wa zanthani, ile gundi nyeupe wanayotumia waokaji wa mikate isiyo na ngano: robo kijiko cha chai
- Mafuta ya mnanaa: matone 6
- Karafuu nzima: punje 6, au mafuta ya karafuu matone 2, kimojawapo tu
- Chumvi laini ya mezani, ukipenda: robo kijiko cha chai

Vifaa ni bakuli la kioo au kauri, kijiko, chujio la chai lenye matundu madogo sana (kipande cha soksi mpya ya nailoni iliyofuliwa kinafanya kazi nzuri zaidi), kopo dogo la kioo lenye mfuniko, na vijiti vichache vya aiskrimu. Kwa mafuta ya matone utahitaji dropa, kama chupa haikuja nayo. Usichanganyie kwenye bakuli la alumini, maana beking soda huishambulia na mchanganyiko unaweza kuwa wa kijivu.

Dukani: hapa ndipo wengi wanapopotea

Soma sehemu hii mara mbili, kwa sababu makosa ya kwenye hatua hurekebishika, lakini unga usio sahihi unaweza kukuunguza.

Beking soda si beking pauda. Beking pauda ina asidi ya unga na wanga ndani yake. Ikikutana na maji inatoa gesi na kubaki uji. Paketi unayoitaka imeandikwa "Sodium bicarbonate" au "Bicarbonate of soda" na haina kingine chochote kwenye orodha ya viambato.

Beking soda pia si magadi. Hili linasumbua hasa Tanzania, ambako watu wengi huita vitu vyote viwili magadi soda. Magadi ya mawe yanayotiwa kwenye maharage na makande, yale ya Ziwa Natron au Ziwa Magadi, ni makali kuliko beking soda, yanachoma fizi, na isitoshe yana floraidi nyingi isiyopimwa. Ukimwambia muuzaji "nipe magadi soda" akakufungia vipande kwenye gazeti, rudisha. Na ukienda kwenye maduka ya malighafi za sabuni ukasema unataka soda, unaweza kupewa kostiki, ile inayopikia sabuni za mche. Hiyo inatoboa ngozi. Nunua beking soda kwenye rafu ya vitu vya keki, iliyofungwa kiwandani, yenye maandishi. Habari imeisha.

Kalsiamu kaboneti nayo ina ndugu wa jina. Watu husikia ni chokaa, wakachukua chokaa iliyo karibu. Chokaa ya kupaka ukuta ni kali na inaunguza. Chokaa ya tambuu, hata kama babu ameila miaka yote, ni chokaa iliyozimwa kwa maji na ni kali vilevile. Chaki ya darasani mara nyingi ni jasi, na haikutengenezwa ili iwekwe mdomoni. Unayoitafuta ni unga mweupe mwepesi kama poda, ulioandikwa "Calcium carbonate" pamoja na alama ya chakula, E170, au alama ya dawa, BP au USP. Hupatikana kwenye maduka ya malighafi za vyakula na vipodozi na kwenye baadhi ya famasia kubwa. Ukiikosa kabisa, usibabaike: acha kalsiamu na uweke beking soda vijiko 4 vya chakula badala ya kimoja. Itakuwa na chumvichumvi zaidi mdomoni, ila inasafisha vizuri, na beking soda ni miongoni mwa unga mpole zaidi kwa meno.

Gliserini inunuliwe famasia, chupa yenye alama ya BP au USP, isiyo na manukato. Hili si jambo la kujivuna. Mwaka 2007 dawa za mswaki zilizotengenezwa China zilikutwa na kemikali ya sumu, diethilini glaikoli, ikiwa imetumika badala ya gliserini, na nchi kadhaa zikaziondoa sokoni, Panama ikiwa mojawapo ya za kwanza. Gliserini ya galoni isiyo na lebo, inayopimwa kwa chupa ya maji, waachie watengeneza sabuni.

Neno hilohilo kwa CMC, unga mwingine wa kugandisha. Watengeneza sabuni ya maji huitumia kuongeza uzito, na mtu atakushauri uiweke badala ya zanthani. Ipo CMC ya daraja la chakula, lakini ya kwenye mifuko ya kupima ya wauza sless (kemikali ya povu la sabuni) na rangi kwa kawaida siyo hiyo.

Mafuta ya karafuu halisi ni makali kweli. Yale yanayokenekwa kutokana na makonyo, kama kiwandani Wawi kule Pemba, yana yujenoli, kiambato kikali cha karafuu, kwa wingi kiasi kwamba tone moja kwenye kikombe chepesi cha plastiki linaweza kukilainisha kikombe. Ndiyo sababu nimeandika matone mawili, na ndiyo sababu chupa ikae mbali na watoto: kijiko kimoja kikimezwa na mtoto mdogo ni safari ya hospitali. Kama ni mara yako ya kwanza, tumia punje nzima za karafuu. Haziwezi kukuunguza.

Vya kuacha, hata kama umeviona mtandaoni

Mkaa wa jikoni. Unasugua, ndiyo, lakini ndani yake kuna chembe ngumu za majivu na mchanga ambazo huwezi kuzichekecha zikaisha. Meno yanaonekana meupe wiki ya kwanza kwa sababu umekwangua madoa. Ukiendelea unakwangua na jino. Mkaa maalumu wa famasia ni laini zaidi, ila hakuna ushahidi wa kutosha kwamba unafanya kazi kuliko dawa ya kawaida, na unajificha kwenye mifereji ya fizi ukaacha mistari myeusi.

Majivu ya kuni yaache pia. Ukiyalowanisha yanatoa maji makali, yaleyale ya kupikia sabuni ya kienyeji.

Ndimu na siki. Tabaka la nje la jino huanza kupoteza madini pale kinywa kinaposhuka chini ya pH 5.5 hivi (pH ni kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi). Maji ya ndimu yako kwenye 2 na kitu. Ukisugua jino lililolainishwa na ndimu unaondoa kitu ambacho mwili hauna namna ya kukiotesha tena. Na ukiichanganya na beking soda, vinauana, unabaki na gesi na maji ya chumvi.

Maganda ya mayai. Ni kweli kwamba ni kalsiamu kaboneti kwa sehemu kubwa, na ni kweli ni bure. Tatizo ni kusaga. Blenda na kinu vya nyumbani havifiki ulaini unaotakiwa. Unapata kitu kinachoonekana unga lakini kinakwaruza kama mchanga. Wapelekee kuku.

Udongo wa kula, pemba au odowa kama wanavyouita Kenya, haujapimwa na unaweza kuwa na madini ya risasi. Asali na sukari ni chakula cha bakteria walewale unaotaka kuwaondoa. Wanga wa mahindi au muhogo, vivyo hivyo, na huchacha.

Na mwarobaini? Huo siukatai. Kijiti chake, au cha mswaki wenyewe, mti ule wa mwambao na nyika, kikitafunwa ncha ikawa brashi kinasafisha vizuri. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi ya vijiti vya mswaki tangu 1986 kwa jamii zilizovizoea. Lakini unga wa majani ya mwarobaini kwenye dawa hii unaongeza uchungu na chembe bila faida utakayoiona. Ukiutaka sana, chemsha majani machache pamoja na karafuu kwenye hatua ya pili, uyachuje. Mafuta ya mwarobaini yasikaribie kabisa kinywa cha mtoto.

Hatua za kazi

1. Chemsha kopo. Liweke kopo la kioo na mfuniko wake wa chuma kwenye sufuria ya maji baridi, washa moto, na maji yakianza kuchemka hesabu dakika 10. Lipindue juu ya kitambaa safi likauke lenyewe. Usilifute kwa taulo la jikoni. Ukilifuta umelirudishia vijidudu ulivyoviua. Wakati likikauka, nawa mikono kwa sabuni.

2. Andaa maji. Chemsha nusu kikombe cha maji pamoja na punje 6 za karafuu kwa dakika 5, funika, acha yapoe kabisa, kisha chuja. Yatakuwa ya kahawia na yataipa dawa rangi hafifu ya chai ya maziwa; hayaachi madoa kwenye meno. Kama unatumia mafuta ya karafuu, chemsha maji matupu. Usitumie maji ya bomba moja kwa moja, hata kama kwa kawaida unayanywa.

3. Chekecha unga. Changanya kalsiamu kaboneti na beking soda zikiwa kavu, pitisha kwenye chujio mara mbili. Madonge ya beking soda yavunje kwa mgongo wa kijiko. Chembe zinazokataa kupita usizilazimishe, zitupe.

4. Jaribu ulaini. Chukua unga kidogo sana, uloweshe kwa tone la maji, uweke kati ya meno ya mbele na uyasogeze polepole. Beking soda utaihisi kidogo halafu itayeyuka. Ukisikia sauti ya mchanga na haiishi, unga haufai, hata kama ulikuwa wa bei. Usiendelee na hatua ya tano mpaka jaribio hili lipite.

5. Changanya zanthani na gliserini, na gliserini tu. Nyunyiza zanthani juu ya gliserini ndani ya bakuli huku unakoroga, mpaka isiwepo sehemu nyeupe kavu. Hapa ndipo karibu kila anayeanza anapoharibu: anaiweka zanthani kwenye maji, inafanya mabonge yenye ngozi nje na unga ndani, na mabonge hayo hayayeyuki tena. Ndani ya gliserini haivimbi haraka, kwa hiyo inatawanyika kwanza.

6. Ongeza maji. Mimina kijiko kimoja cha chakula kidogo kidogo huku unakoroga bila kusimama. Kama unatumia chumvi, iyeyushe kwanza kwenye maji haya mpaka yawe angavu. Chumvi kavu kwenye dawa ni chembe za kukwaruza fizi. Acha bakuli limefunikwa kwa dakika 20. Ukirudi utakuta ute mzito unaovutika.

7. Ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Kila kijiko kizame kabisa kabla ya kingine. Koroga kwa kukandamiza pembeni mwa bakuli. Ukipiga kama mayai utajaza hewa. Mwanzoni itaonekana imekataa, kavu na yenye nyufa. Endelea dakika mbili tatu kabla hujaamua kuongeza maji, kwa sababu unga huchelewa kulowa.

8. Pima uzito wake. Chota kwa kijiti cha aiskrimu, weka juu ya mswaki, uinamishe. Ikikaa, imefika. Ikidondoka ni nyepesi, ongeza nusu kijiko cha chai cha kalsiamu kaboneti. Ikivunjika vipande, ongeza maji ya akiba, nusu kijiko cha chai kwa mara moja. Kumbuka kwamba zanthani huendelea kukaza mpaka kesho yake, kwa hiyo iache ikiwa laini kidogo kuliko unavyotaka.

9. Weka harufu. Matone 6 ya mnanaa, na mawili ya karafuu kama hukuchemsha punje. Koroga dakika nzima. Ukionja sasa utaona haina nguvu na mkono utawasha kuongeza. Usiongeze. Subiri kesho, harufu ikishaenea ndipo uamue.

10. Jaza kopo. Gonga kitako cha kopo mezani mara kadhaa hewa itoke, funika, bandika karatasi yenye tarehe ya leo na tarehe ya wiki tatu zijazo. Hakuna kihifadhi ndani, kwa hiyo tarehe hiyo si mapambo. Ikifika, kilichobaki kinatupwa. Kama una friji, ikae humo.

Kuitumia

Siku ya kwanza paka kiasi kidogo kwenye fizi ya mbele, subiri mpaka kesho. Ukiona uvimbe, wekundu au muwasho, kuna kitu hupatani nacho, na mara nyingi ni karafuu au mnanaa.

Baada ya hapo, chota kiasi cha punje ya njegere kwa kijiti, paka kwenye mswaki mlaini. Mswaki usiingie koponi hata mara moja. Nyumba ya watu wanne inayochovya miswaki minne kwenye kopo moja inabadilishana vijidudu vya vinywa, na maji ya mswaki yataotesha ukungu kabla ya wiki kwisha. Sugua dakika mbili, kwa mizunguko midogo, pale jino linapokutana na fizi. Tema, usimeze. Kama umetoka kula embe bichi, ukwaju au chungwa, suuza kwa maji na usubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Wenye meno ya kauri au viraka vya mbele vya kupambia wamuulize kwanza daktari wao wa meno.

Je, mafuta ya nazi?

Wengi wameona maelekezo ya beking soda na mafuta ya nazi nusu kwa nusu, bila gliserini wala zanthani. Yanafanya kazi, na kwa kuwa hayana maji hayaoti ukungu haraka. Kasoro yake ni hali ya hewa. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa utakuta kila asubuhi mafuta yamepanda juu na soda imelala chini. Mbeya, Njombe au Limuru utahitaji kisu kuichota. Ukiwa sehemu yenye hali ya katikati, changanya vijiko 3 vya chakula vya kila kimoja, ongeza matone 6 ya mnanaa, na ukoroge kila mara kabla ya kuchota. Temea kwenye karatasi au nje, usiteme sinkini, hasa nyanda za baridi, maana mafuta huganda ndani ya bomba. Mimi kwa Pwani siipendekezi.

Ikikwama

*Haitoi povu.* Haitatoa. Povu la dukani linatokana na kemikali ya sabuni, na povu halisafishi zaidi. Usikwaruzie sabuni ya kipande humo.

*Ina mabonge kama macho ya samaki.* Zanthani ilikutana na maji kabla ya gliserini. Unaweza kuikandamiza kupitia chujio ukaokoa sehemu; mabonge yatupe.

*Ilikuwa laini, sasa ina chembe.* Beking soda iliyeyuka kwenye joto la mchana ikaganda tena usiku kwa vipande vikubwa. Hutokea zaidi kwa wale walioweka vijiko 4 vya soda. Ikorogee na nusu kijiko cha chai cha gliserini, na safari ijayo punguza maji.

*Imekauka juu.* Mfuniko haukazi. Ongeza matone machache ya gliserini, si maji.

*Mfuniko umevimba au kopo linatoa hewa likifunguliwa.* Kuna asidi iliyoingia, ama ulitumia beking pauda, ama uliweka ndimu ukanyamaza. Au imeanza kuchacha. Vyovyote vile, tupa.

*Madoa ya kijani, meusi au ya pinki, au harufu ya uchachu.* Ukungu au bakteria. Usiondoe juu ukatumia chini. Tupa yote, chemsha kopo upya.

*Chumvi imezidi.* Beking soda ndiyo inayoonja hivyo. Kama una kalsiamu, punguza soda iwe vijiko 2 vya chai. Tone la stevia, kitamu cha mmea kisicho sukari, linasaidia. Wengine huweka zailitoli, kitamu kingine kisicho sukari, nayo inafaa kwa meno, ila kama una mbwa iache kabisa, kwani kwake ni sumu.

*Meno yanaanza kuwa na ganzi kwa maji baridi.* Simamisha dawa hii wiki mbili, tumia mswaki mlaini zaidi na dawa ya dukani ya meno yenye ganzi. Mara nyingi tatizo ni mkono unaokandamiza sana, mara nyingine ni unga usiochekechwa. Isipoisha, nenda ukapimwe.

*Fizi zinatoa damu.* Kwa mtu aliyekuwa hapigi mswaki vizuri, damu siku za mwanzo ni kawaida na hupungua kadiri utando unavyoondoka. Ikipita wiki mbili bado inatoka, kuna ugaga chini ya fizi, na huo haukwanguliki kwa dawa yoyote ya nyumbani.

*Madoa ya kahawia ya tangu utotoni hayatoki.* Yako ndani ya jino, hayako juu yake. Ukizidisha kusugua utaliumiza jino na doa litabaki palepale. Kliniki za meno zina njia za kuyapunguza au kuyafunika.

*Jino linauma.* Dawa ya mswaki haizibi tundu. Pamba yenye tone moja la mafuta ya karafuu lililochanganywa na matone machache ya mafuta ya kula, ikigusishwa kwenye jino lenyewe bila kugusa fizi, hutuliza kwa saa chache kwa mtu mzima. Shavu likivimba au homa ikipanda, usingoje hata hizo saa chache. Nenda hospitali siku hiyohiyo.